Kavira Gani?

Ukifika Beni leo ukataja jina yangu, Paluku, ule mutu wa kutengeneza ma-radio kule Butembo, batu batacheka kwanza, kisha batakuuliza "Kavira gani?", na mimi hata sasa ile swali inanichoma roho, hapana haya tu, ni kasirani, kasirani juu yangu mwenyewe na juu ya mwanamuke moja ambaye siku ile alikula nyama yake vizuri sana. Acheni niwaelezee.

Mudogo yangu Masika alikuwa anaolewa na Kambale, kijana wa Beni, na mimi nikaahidi (nani alinituma?) kwamba nitawatengenezea ile panneau ya taa yenye maneno inatembea, itundikwe juu ya viti vya maharusi. Niliikuta imekufa kwa boutique moja. Ndani yake kuko ka puce ka zamani ka kuendesha taa, kasiko na akili: unakaambia kila kitu kwa assembleur, luga ya mashini yenyewe, hatua kwa hatua, beba hii lettre A, iweke hapa, ngojea kidogo, beba ingine, na kakikosea hakakuambii kosa iko wapi. Mimi nilikuwa na ka taa kamoja tu kadogo ka kunisaidia. Nasema kawake fasi fulani ya programme. Kakiwaka najua puce imefika pale, kasipowaka narudi nyuma, naanza tena. Juma nzima hivyo, sababu maneno ilikuwa inatembea mara moja kisha inaganda.

Na ile juma nzima mama ya Kambale, Maman Kavira, alikuwa ananipigia simu. "Paluku, weka jina ya mutoto wangu mbele." Naweka. "Paluku, ongeza Mungu ababariki." Naongeza. "Paluku, ile taa haiwezi kuwa bleu?" Maman, taa ni nyekundu, zilitoka kiwandani nyekundu, nifanye nini. Mama yangu muzazi naye alikuwa anapiga, mais yeye alitaka kujua tu kama nimekula. (Naye ni Kavira. Kwetu jina inafuata ulizaliwa mutoto wa ngapi, donc ukiita Kavira sokoni, nusu ya soko inageuka. Mukumbuke hiyo.)

Mwisho kosa nikaipata, nilikuwa nasahau kurudisha hesabu ya lettres mwanzo, kitu ya bure kabisa. Ili nihakikishe, nikahitaji message ya pili ya kujaribu. Mutu mwenye akili angeandika ABC. Mimi simu ya mama ya Kambale ilikuwa imetoka kulia tena, nikaandika kile kilikuwa rohoni: KAVIRA FUNGA MUDOMO UMETUCHOSHA. Ikapita vizuri sana juu ya panneau, nikacheka peke yangu, roho ikatulia, nikaiacha mule ndani, nyuma ya ile message ya ndoa.

Sasa sikilizeni. Katika ile puce, mwisho wa kila message unaweka sifuri. Ni sifuri njo inaambia mashini isimame, irudi mwanzo. Ukiisahau, mashini inaendelea tu kusoma kile kinafuata. Asubuhi ya ndoa, motard ananingojea inje na pikipiki yake, anapiga klaksoni, Maman Kavira akapiga tena: "Paluku, pasta wetu anasemaka Kiswahili ya Biblia, usitupe haya mbele yake, usiandike ababariki, andika awabariki." Awabariki! Lettre moja. Nikafuta ile neno kwa kasirani, nikaandika ingine, na sifuri ya nyuma yake nikaifuta pamoja bila kuona. Nikaangalia majina inapita, nikasema iko bien, nikafunga panneau kwa blanketi, tukashuka Beni.

Salle ya ndoa ilijaa. Maharusi bakaingia, nikawasha. KARIBUNI KWA NDOA YA KAMBALE NA MASIKA MUNGU AWABARIKI, na W yake pale, nikajivuna kabisa. Kisha haikusimama. KAVIRA FUNGA MUDOMO UMETUCHOSHA.

Nikakimbia kwa ma-câbles ya umeme nikavuta ya kwanza nilishika, kumbe ni ya muziki. Muziki ikakufa, salle nzima ikainua macho kutafuta courant imeenda wapi, na ile maneno ikapita mara ya pili, polepole, mbele ya batu bamenyamaza. Animateur mwenye micro, pumbavu yule, akaisoma kwa sauti. Mutu akauliza kule nyuma, "Kavira gani?", na batu bakaanguka kicheko, Kavira bote banaonyeshana vidole. Maman Kavira, mama ya Kambale, alicheka mpaka akashika meza. "Ule Kavira," akasema, "leo batu bamemujua."

Mama yangu hakucheka. Aliangalia panneau, akaniangalia mimi, akasimama, akatoka.

Nikamukuta inje anafunga kitenge yake.

"Nilikuwa nakupigia juu haukulaka vizuri," akasema. "Ungeniambia tu, ningeacha."

"Mama, hapana wewe."

"Basi ni Kavira gani?"

Nikafungua mudomo. Na pale pale ule Kavira mwingine anatokea na sahani ya nyama, anamushika mama mukono: "Mama ya Masika, kuya tule, usiache batoto bakuharibie siku." Nyuma yake, kwa mulango, Masika na voile yake ya bibi-arusi ananiangalia, anatikisa kichwa. Yeye alijua, juu mimi mwenyewe nilimulalamikia juma nzima. Ningetaja, mudogo yangu angeingia kwa ile nyumba na ile tusi kichwani. Nikanyamaza. Mutu aliyetii ile message ni mimi.

(Musiniambie nimueleze mama kwa siri. Mama yangu hajui kuficha kitu, kesho yake angepanda gari ya Beni kumuuliza mama ya Kambale.)

Leo nikijaribu mashini naandika ABC, hata mutu anitukane namna gani, ABC. Nikienda kumusalimia, mama ananipa chakula, ananijibu vizuri. Ni kupiga simu tu njo aliacha.

Juzi simu ikalia saa ya kula, ile saa mama alikuwa anapigaka, nikatupa fer à souder, ile chuma ya kuunganisha waya, juu ya meza, nikaishika bila kuangalia.

"Paluku, ni Maman Kavira, mama ya Kambale. Masika iko na mimba. Ile panneau yako ilitufurahisha sana, mutoto akizaliwa utatuletea tena?"

Nikauma meno, nikasema ndiyo, Maman.