Taya la Dada

"Shemeji, funga mdomo. Ukitikisa taya tena naanza upya, na plasta yenyewe ndiyo hii ya mwisho."

Nilikuwa nimelala chali juu ya meza yake ya kazi, mirija miwili puani, uso mzima umepakwa mafuta ya mgando, naye kashika bakuli la plasta inayoanza kuganda. Akalalamika kwamba tangu amwoe dada yangu hajaona kinywa kisichochoka kama changu. Nilitaka kumjibu kuwa taya analolisema ndilo hilo analoliazima. Sikuweza. Ndiyo mara yake ya kwanza kunishinda.

Shemeji yangu ni fundi wa sura za wagonjwa. Chuo cha udaktari kilimwajiri kabla hajaota mvi. Mtu mwenye uvimbe au kidonda sugu anapakwa plasta, ikikauka inabanduliwa, ndani yake inamiminwa nta. Kisha shemeji anaitia rangi, na kope anazipandikiza mojamoja. Wanafunzi wanajifunza ugonjwa kwa macho na vidole bila kumtesa mtu.

Basi uvimbe ukamwota dada, chini ya sikio, mdogo kama harage. Mumewe ndiye aliyeuona kwanza. Hospitali wakakata, ukarudi. Ulipofikia ukubwa wa limau, walimu wa chuo wakaomba sura yake. Dada akakubali, alikuwa mtu wa kukubali. Ila alipokwisha kufutwa plasta alimwambia mumewe, "Sasa hao watoto wa watu wataniona hivi siku zote? Nitengenezee na ile ya kabla ya uvimbe, uiweke pembeni ya hii."

"Ukipona," shemeji akasema.

Hakupona.

Baada ya mazishi alijifungia karakanani. Akamimina nta nyingine ya dada, akaanza kuuchonga uvimbe uondoke. Ukiondoka, linabaki shavu la mtu asiyemjua. Akajaribu udongo; dole gumba lake, kwa mazoea ya kazi, likaurudisha uvimbe palepale. Nikampelekea picha ya harusi. Akaigeuza huku na huku, akasema picha haina shavu. Alilia siku hiyo, mzee mzima, mikono imejaa udongo hawezi kujifuta. Nikamfuta kwa upindo wa nguo yangu, nikamwambia aache upuuzi: mimi na dada tulitoka tumbo moja na taya moja. Nikapanda mezani.

Nta ilipotoka akainyoosha pua, akaweka kovu la nyusi, lile la dada kuanguka ngazini utotoni, akapunguza huku, akajaza kule. Alinifuta mimi kidogo kidogo mpaka akabaki dada. Nikageukia ukutani.

Tuliipeleka chuoni pamoja. Nilitamani aniachie nikae nayo nyumbani, lakini dada alishasema iwekwe wapi. Akaiweka kwenye rafu, ubavuni mwa ile yenye limau. Wanafunzi walikuwepo, na mmoja, binti mwenye miwani, akasogea akauliza kwa adabu huyu wa pili anaumwa nini.

"Haumwi kitu," shemeji akamwambia. "Ni mke wangu."

Binti akarudi nyuma. Shemeji akapangusa vumbi la rafu kwa kiganja, akainama karibu na lile sikio la nta.

"Haya, mama," akasema. "Deni lako hilo, nimelilipa."

Halafu akaniuliza kama nina njaa.