Jiwe Tumboni mwa Mageni

Pale Maganzo, miaka ya sabini, mtu akishikwa na tumbo hawakumwuliza linamuuma wapi. Walimwuliza amemeza nini. Wachimbaji wa almasi waliposhtukia polisi walimeza mawe yao, na mji mzima uliamini kwamba kila tumbo ni sanduku.

Shemeji yangu Mageni, mume wa dada yangu Eufrasia, hakuwa mchimbaji. Alikuwa fundi cherehani. Vidonda vya utumbo mpana vilikuwa vimemharisha damu kwa miaka, mpaka madaktari wa Mwanza wakaukata utumbo huo wote, wakautoa nje mdomo wa utumbo mwembamba, upande wa kulia wa tumbo. Choo kilitokea hapo na kuingia katika mfuko wa mpira aliojifunga kwa mkanda. Ugonjwa ulimwachia, majirani hawakumwachia. Mgambo mmoja aliwahi kumlazimisha avue shati ili aone mfuko huo umeficha nini. Aliona, akakimbilia mtaroni kutapika, na jioni akatangaza kwamba Mageni ana ujanja mkubwa.

Madaktari walikuwa wamemkataza karanga na mahindi yasiyosagwa, kwa kuwa vingeweza kuziba tundu lile. Lakini jirani yake Mbuke alipombatizisha mtoto wake, alimwekea sahani ya makande yenye karanga nzima.

"Sitaweza, Mama Stanslaus. Daktari amenikataza."

"Mayo! Daktari, au unadhani nimekutilia kitu?" Mbuke akasema kwa sauti ya kusikiwa na wageni wote.

Kwetu, kukataa chakula cha mtu hadharani ni kumwita mchawi. Mageni alikula. Mbuke alisimama akimtazama mpaka sahani ikaisha.

Kesho yake mfuko ulikuwa mkavu. Tumbo likamvimba, likakaza kama ngoma, akaanza kutapika maji ya kijani. Eufrasia alijua maana yake, kwani alikuwa ameonywa: asipozibuliwa hospitalini, utumbo ungepasuka na angekufa. Alikimbilia kwa Akida, mnunuzi wa mawe, mwenye Landrova pekee iliyokuwa ikitembea wiki ile.

"Petroli hakuna," Akida alisema. Hata hivyo alikuja mwenyewe, kwa miguu, na nusu ya mtaa nyuma yake. Waliketi uani. Hakuna aliyeuliza mgonjwa amelalaje. Mmoja alileta chupa ya mafuta ya nyonyo.

"Anywe, alitoe hapahapa mbele ya mashahidi," akasema.

"Akifika hospitali, madaktari watalichukua," Mbuke akaongeza, kana kwamba hajui Mageni alikula nini nyumbani kwake.

Nimesoma hadi chuo kikuu, na nilifundishwa kutafuta sababu za umaskini kabla ya kuwalaumu maskini. Nimezitafuta. Pengine dharau yangu si ya haki. Pengine ni kiburi cha mtu ambaye hakuwapo. Lakini Akida hakuwa maskini.

Eufrasia aliipokea chupa, akaimwaga mchangani. Kisha akamvuta Akida pembeni.

"Baba Mwaisha, lipo."

"Kubwa?"

"Mimi nitajuaje ukubwa wa mawe? Najua kwamba akifa hapa, ndugu zake watakuja kutoka Ushirombo na kumzika nalo. Akizibuliwa, nusu ni yako."

Petroli ilipatikana. Akida mwenyewe alishika usukani, na njia nzima alikwepa mashimo kwa upole ambao hajawahi kuwaonyesha wake zake.

Hospitalini Shinyanga, muuguzi aitwaye Ghati alipenyeza mpira laini katika tundu la Mageni na kuingiza maji ya chumvi yenye uvuguvugu kidogo kidogo, akirudia na kurudia, huku Mageni akiuma shuka. Hatimaye yakatoka yote kwa kishindo, yakaingia katika beseni. Tumbo likalegea. Mageni akavuta pumzi, akamwomba mkewe maji ya kunywa.

"Beseni nipe mimi," akasema Akida, aliyekuwa amesimama mlangoni.

Ghati alimtazama, akampa.

Akida alikunja mikono ya kanzu yake nyeupe, akachuchumaa nyuma ya wodi, akachambua kwa vidole. Alikuta maganda ya mahindi na vipande vya karanga. Eufrasia alimwangalia kupitia dirisha.

"Tafuta vizuri, Baba Mwaisha," akamwambia. "Usiharakishe."

Maganzo hawakujifunza lolote. Waliafikiana kwamba muuguzi ameliiba jiwe. Mageni alirudi kwenye cherehani yake, na tangu siku ile alikwenda karamuni na uji wake mwenyewe ndani ya chupa. Mbuke na wenzake walimwita mchawi, naye akawaitikia. Akida aliendelea kumletea kanzu zake azishone. Alisimama wima kupimwa, mikono kaitanua, lakini macho yake hayakuwa kwenye futi. Yalikuwa yakilipima tumbo la fundi.