Kikapu cha Masenge Chapata Jina

Tulisafiri kwenda Mpanda kwa sababu ya picha. Jirani yetu hapa Sibwesa alikuwa ametembelea chumba cha makumbusho kwenye hospitali moja ya mjini, kinachoonyesha jinsi wagonjwa wa akili walivyotibiwa zamani na kazi za mikono yao. Aliporudi akatuonyesha simu. Masenge Generoza, dada wa marehemu baba, akakodoa macho. Palikuwa na kikapu chenye kifuniko kirefu, na kibandiko: "Kimesukwa na mgonjwa asiyejulikana."

"Asiyejulikana nani?" akasema. "Hicho nimesuka mimi."

Nyumbani ugonjwa wake wa ujanani hatukuwa tukiutaja. Kaka yangu akamsihi aache kukidai, watu wasije wakamwita kichaa.

"Wataniita nini ambacho sijasikia?" akajibu, akaenda kutafuta viatu.

Saa kumi na mbili asubuhi pikipiki ilitufikisha kwenye basi. Masenge alikumbatia kifurushi cha maharage mapya na hakukubali nimpokee. Nikadhani ni zawadi ya wenyeji. Njia nzima, mashamba yakiisha na misitu ikianza, alimweleza kila abiria kwamba anakwenda hospitali alikolazwa na wendawazimu wenzake, kuchukua jina lake. Nakiri niliona aibu. Nikajifanya nimelala.

Mpanda, saa nne. Dada Neema, mtunzaji wa makumbusho, alitukaribisha kwa bashasha. Ukutani zilining'inia pingu za miguu za enzi hizo. Masenge alizipita bila kuzitazama. Kwenye michoro ya mkaa akasimama mbele ya jogoo aliyevaa kofia ya askari, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Huyu ni mlinzi wetu! Alikuwa anatuamsha kwa kelele hivi hivi."

Halafu tukafika kwenye kabati la kioo.

"Mama, samahani," Neema akasema kwa upole. "Wengine wawili walishakuja kusema ni chao. Siwezi kuandika jina bila uthibitisho."

"Fungua, angalia ndani, kwenye kitako. Ukindu ulikuwa haba, nikaanzia na uzi wa bluu wa blanketi la wodi."

Neema alivaa glavu, akainua kifuniko. Uzi ulikuwepo, umefifia, lakini bluu. Neema akapiga kigelegele, manesi wakaja mbio.

Nikadhani tumemaliza. Masenge naye akachungulia, uso ukabadilika.

"Na nyie mmekiweka kitupu miaka yote hii, mbele ya wageni?"

Kwetu kikapu cha namna hiyo hakisimamishwi mbele ya mgeni bila kitu ndani. Akafungua kifurushi chake. Neema akashtuka: maharage yangeleta wadudu! Walibishana kwa vicheko hadi nesi mmoja akaleta kichupa cha dawa kilichooshwa. Maharage yakajazwa humo, kizibo kikakazwa, kichupa kikaingia kikapuni. Kibandiko kipya kikaandikwa: "Kimesukwa na Generoza wa Sibwesa." Masenge alikisoma mara tatu kwa sauti, nami nikapiga picha kwa simu.

Tulipanda basi la kurudi saa nane. Siku ile nilielewa kwamba aibu ilikuwa yetu sisi, yeye hakuwahi kuwa nayo. Jirani yangu wa kiti akauliza tunatoka wapi. Masenge alikuwa amesinzia kweli, kinywa wazi.

"Hospitali," nikasema, kwa sauti ya kusikika hadi kwa dereva. "Masenge wangu alilazwa pale na wendawazimu wenzake. Ngoja nikuonyeshe picha ya kikapu chake."