Ubao wa Mjomba Mbwana

Enzi zetu mtoto wa Diani alikuwa na shule mbili kwa siku moja, na hakuna aliyemwuliza kama amechoka. Asubuhi shule ya serikali, magoti yamepakwa mafuta ya nazi mpaka yanameta. Alasiri chuoni kwa ustadhi, kusoma Kurani, na mtandio ambao baada ya dakika tano ulikuwa umeshateremka shingoni. Katikati ya shule hizo tulikula muhogo wa nazi na kipande cha papa mkavu, tukacheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpaka vumbi likatuingia masikioni. Mama akirudi kutoka Kona ya Musa, alikokuwa akiuza mahamri, alitutazama miguu kwanza, uso baadaye. "Miguu hii," alikuwa akisema, "haikupita chuoni. Imepita kwingine."

Nawasimulia nyinyi wa rika langu, maana watoto wangu nikiwaambia haya wananiuliza kama umeme ulikuwapo. Ulikuwapo, mahotelini.

Chuoni kwetu tuliandikia ubao wa mti, kwa wino wa masizi na kalamu ya mwanzi. Wenzangu mtakumbuka sharti lake: ubao hauoshwi mpaka mwanafunzi amehifadhi moyoni kilichoandikwa. Ukishasoma mbele ya ustadhi bila kukwama, ndipo unapoteka maji ukaosha, na maji yale huyamwagi njiani watu wakayakanyaga. Unayamwaga penye shina la mti, mahali pasafi. Na maandishi ya chuo ukiyaona yamelala pasipofaa, unayaondoa, hata kama si yako. Mambo hayo yalituingia mwilini hasa. Mikono iliyafanya yenyewe, akili ikiwa bado iko kwenye kati.

Sasa, Mjomba Mbwana alikuwa mdogo wake mama, na alikaa kwetu. Alianza kwa kubeba mitungi ya hewa ya wazungu wanaokwenda kuzamia, mwishowe akafundishwa kuzamia yeye mwenyewe, akawa anawaongoza. Jioni alirudi na alama ya miwani ya maji imemzunguka uso, ananukia mpira, anaomba chai ya tangawizi kabla hata ya kumaliza salamu. Kisha akaja Dada Kerubo, mtafiti kutoka bara, akitafuta mtu wa kuteremka kila wiki pale pale kwenye mwamba na kuandika anachokiona: samaki gani na wangapi, matumbawe yakoje, maji yana joto gani, mtu anaona umbali gani, mkondo unakwenda wapi. Akamchagua Mjomba. Nyumba nzima tulitembea vifua mbele.

Aliandika kwa penseli kwenye ubao mweupe wa plastiki, umefungwa kamba mkononi. Sisi watoto hatukuamini kwamba penseli inaandika chini ya maji. Mjomba akazamisha ubao kwenye ndoo, akaingiza mkono, akauinua na jina langu juu yake: Mwanatumu. Nilitembea nao mtaa mzima.

Ila jina lile lilikuwa kwa herufi za chuo, za Kiarabu, toka kulia kwenda kushoto. Mjomba hakupelekwa shule ya serikali. Kusoma kwake na kuandika kwake kote kulitoka kwa ustadhi, na Dada Kerubo herufi hizo hakuzijua. Basi kazi ya kunakili ikawa yangu. Kila aliporudi nilikaa na daftari la kurasa mia, nikayahamisha maandishi yake kwa herufi za shule, pono kumi na mmoja, kangaja ishirini, kasa mmoja. Nikimaliza ninauosha ubao kwa jivu na kumbi la nazi, tayari kwa safari nyingine.

Mwaka ule mvua zilikuwa zimekata barabara, na zilipokwisha ikaja kaskazi ya joto ambalo wakubwa wenyewe walilishangaa. Ijumaa moja Mjomba alizamia asubuhi, akaja nyumbani mbio, akaweka ubao jikoni, akaenda msikitini. Mimi nilikuwa uwanjani. Niliporudi, jua limeshateremka, nikakumbuka kwamba Mama aliniachia vyombo. Nikavivamia. Sufuria, sahani za samaki, na katikati ya sahani za samaki nikaona ubao una herufi za chuo. Haifai, nikasema moyoni. Nikautoa, nikausugua mpaka ukang'aa, na maji yake nikayamwaga kwa adabu zote kwenye shina la mpapai.

Nilipokuwa naukausha ndipo nilipokumbuka kwamba daftari bado limo mkobani, na sijanakili kitu.

Sijui nyinyi mlikuwa watoto wa namna gani. Mimi nilikuwa mwoga. Nikafungua daftari, nikatazama ukurasa wa wiki iliyotangulia, nikauandika upya kwa tarehe mpya. Samaki nikawapunguza wawili watatu ili isionekane. Joto, digrii ishirini na nane. Matumbawe, mazima. Mjomba aliporudi akaniuliza, "Umenakili, mwanangu?" Nikajibu, "Nimenakili." Hakulifungua hata kulitazama. Angeona nini, na herufi za shule hakuzijua?

Jioni tukila, Mjomba akamwambia Mama jambo. Alisema kule chini matumbawe yamegeuka meupe, meupe kama chokaa, sehemu kubwa ya mwamba. Kipimajoto chake kimesoma digrii thelathini na moja. Aliwaambia wenziwe kazini wakamcheka, wakasema ameona mchanga. Na mmoja wao, kijana aliyemaliza kidato cha nne, alikuwa ameshakwenda kwa Dada Kerubo kumwambia kwamba kazi ya kuandika inataka mtu aliyesoma.

"Mimi sibishani nao," Mjomba akasema, anachambua samaki taratibu. "Kesho Dada Kerubo anakuja kuchukua daftari. Litasema lenyewe."

Nikalirudisha tonge sahanini. Mjomba angesema matumbawe yamekuwa meupe, na daftari lake mwenyewe lingesema ni mazima. Wangemwita mwongo, na wangekuwa na ushahidi kwa mwandiko wangu mzuri.

Asubuhi nilimkuta anatia daftari kwenye mfuko wa nailoni. Nikalishika. Nikasema yote kwa pumzi moja, vyombo, mpapai, ukurasa wa zamani, na kilio kikafuata. Nilitegemea kofi. Mjomba alikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi.

"Chuoni mnaosha ubao lini?" akaniuliza.

"Tukishahifadhi."

"Basi na mimi hivyo hivyo. Siachi ubao nyumba yenye watoto kama sijauhifadhi." Akavuta mkeka kwa mguu. "Kaa chini. Andika."

Akafumba macho, akaanza kuyumba polepole, vile tunavyoyumba chuoni. Tumeingia maji saa tatu kasorobo. Mkondo wa kaskazini, hafifu. Kina pima saba, unaona pima nane. Joto chini, thelathini na moja. Pono wanne. Kangaja tisa. Kitatange wawili, wako pamoja. Chewa mmoja pangoni. Mkunga mmoja, mrefu kama nyoka, kichwa nje, chini ya jiwe lililopasuka. Matumbawe ya pembe, katika kumi meupe saba. Hakukwama. Mimi nilikuwa nikimwomba apunguze mwendo.

Nilitaka kuuchana ukurasa wa uongo, akanikataza. "Piga mstari mmoja juu yake uache. Mtu akiuliza, tutamwambia hapa tulikosea, na hapa tukasahihisha."

Dada Kerubo alikuja, akasoma, akauliza, na Mjomba akamwambia kama ilivyotokea, mpaka mpapai. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Yule dada hakucheka wala hakukasirika. Alisema wateremke pamoja siku ile ile, na kipimajoto chake mwenyewe. Nilikaa kizingitini toka wakati huo mpaka adhuhuri. Mama aliniwekea chakula, sikukigusa.

Walirudi nywele mbichi. Dada Kerubo ndiye aliyeanza kusema, kwa Kiswahili chake cha bara tulichokuwa tukimcheka. "Mama Mwanatumu, kila kitu ni vile iliandikwa. Joto ni hiyo hiyo. Hata ule mkunga bado ako pale chini ya jiwe." Siku ile sikuicheka ile "ako". Nilipumua, na sikupata kupumua vile tena mpaka siku nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza. Mjomba akaomba chai yake ya tangawizi. Kazi ikabaki yake miaka na miaka, na yule kijana wa kidato cha nne baadaye akawa mzamiaji mwenzake, wakapatana sana. Matumbawe mengine yalikufa, hilo siwafichi. Mengine yalirudisha rangi, na daftari lilituonyesha ni yapi.

Adhabu nilipewa: nihifadhi ukurasa ule wa kweli. Ninao mpaka leo. Niamsheni usingizini, nitawasomea toka mkondo mpaka mkunga.

Watoto wa siku hizi hawahifadhi kitu, na kwa nini wahifadhi? Simu inahifadhi. Ikiisha chaji, mtoto hajui hata namba ya mamake. Binti yangu Zuhura anazamia mwamba ule ule aliouzamia Mjomba. Ana saa mkononi inayoandika joto na kina yenyewe, ana kamera ndani ya kasha, na mimi najivuna, siwezi kusema sivyo. Juzi akarudi analia. Alikuwa ametia kila kitu kwenye simu, akavifuta kwenye saa na kamera kupata nafasi, na simu ikaponyoka mkononi kwenye mashua, ikazama.

Mjomba Mbwana alikuwa kwenye kiti chake barazani. Nywele zimekuwa nyeupe zote, na magoti hayamtaki tena.

"Kaa chini, mjukuu wangu," akamwambia. "Uliingia maji saa ngapi?"

"Asubuhi, babu."

"Asubuhi ina saa nyingi."

Zuhura akanitazama mimi, nami nikatazama pembeni. Akakaa. Akapangusa pua kwa leso, akafumba macho. "Saa mbili na nusu," akasema. "Mkondo... wa kusini. Wa nguvu kidogo."

Nikainuka haraka kutafuta penseli. Nilipekua makabati, mikoba, hata chini ya mito. Nyumba nzima haikuwa na penseli hata moja.

Nikarudi barazani, nikakaa mkekani kando ya Zuhura. "Sema tu, mwanangu," nikamwambia. "Nitahifadhi mimi."