Mwamba Ulioshika Maji Yetu

Mwanangu, kuna siku moja ya kiangazi, mwaka wa tisini na moja, ambayo sijaisahau hata kidogo. Nilikuwa kijana, navunja mawe mlimani juu ya mtaa wetu wa Kimisagara, natembea kifua mbele kama kila mwenye nguvu asiyejua zitaisha.

Kazi ile ilinifundisha mwamba. Huo mwamba wetu wa mchanga, wenye rangi ya kutu, umepangika tabaka juu ya tabaka, maana zamani sana, kabla hajakuwapo mtu wa kuuona, ulikuwa mchanga mtupu chini ya maji. Ukabanwa ukawa jiwe, na milima ilipoinuka nao ukainamia bondeni. Mvua huingia katika nyufa zake ikashuka taratibu. Chini yake kuna tabaka laini la udongo uliogandamana, lenye kuteleza kama sabuni, lisilopitisha maji. Yakifika hapo hukosa njia, yakatokea ubavuni mwa kilima. Chemchemi yetu ilikuwa ndiyo hiyo.

Kiangazi kile ilipungua ikawa uzi. Akina mama walipanga madumu tangu alfajiri, na wengine walirudi nyumbani nayo matupu. Siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, baba yangu mdogo, aliyetuongoza, akaamua tupasue chini ya mdomo wa chemchemi ili maji yatoke kwa nguvu.

"Maji iko ndani ya hii jiwe," alisema. "Tufungue tu."

Nilijua anakosea. Angetoboa lile tabaka la chini, maji yangezama, mtaa mzima ukose. Lakini kwetu kijana hamkosoi mkubwa mbele za watu, na yule ndiye aliyenilea. Nikaangalia vidole vya miguu yangu, nikanyamaza, na moyoni nikajidharau.

Akapiga mtalimbo. Kipande laini kikaruka, na ule uzi wa maji ukasita. Hapo hofu ikashinda haya, nikaudaka mtalimbo kabla haujashuka tena.

"Baba mudogo, samahani, usipige. Ingiza mukono hapo chini, usikie ule udongo. Ndiyo inashika maji."

Baba mdogo akapiga goti, akapapasa kwa muda mrefu. Kisha akaagiza pale alipopiga pazibwe kwa udongo wa mfinyanzi, na tope na mizizi iliyoziba mdomo vitolewe kwa mikono. Jioni maji yalitiririka tena, si mengi, ila ya kutosha. Nami, kwa ujana wangu, nikangoja kusifiwa.

Akaniita kando. "Weye ulijua tangu asubuhi?"

"Ndiyo, baba."

"Na uliniacha nipige. Nikaushe maji ya watu, ati unaniheshimu?"



Kwa hiyo, mwanangu, ukijua jambo, mwambie mkubwa wako mapema. Mvute pembeni, tumia maneno laini, omba radhi kwanza ukitaka, lakini mwambie. Sasa mzee ni mimi, na ninakosea kama wazee wote. Usiniheshimu kwa kuniacha nipotee. Mungu akupe ulimi mpole na moyo usiotetemeka, na akujalie wazee wenye masikio.