Ndizi ya Mzee Rwehumbiza

Malimi wa Mkuyuni ana kazi ambayo hakuna anayemwonea wivu: anarekodi sauti za wagonjwa wanaoaga dunia. Ana mwiko wake mmoja. Jina la mgonjwa haliandiki kwenye faili mpaka tanga lianuliwe. Kwake yeye, kuliandika mapema ni kumchuria mtu. Badala yake anaweka kialama tu, kile cha picha cha kwenye simu: samaki kwa mvuvi, ng'ombe kwa mfugaji. Mzee Rwehumbiza wa Ilemela, Mhaya wa kujidai, alimpa ndizi, na mzee mwenyewe alicheka.

Mzee huyo alikuwa hasemezani na mwanawe Mutayoba tangu kijana auze shamba la migomba la ukoo. Siku ya kurekodi alimtoa mkewe Bernadetta chumbani, akaagiza maneno yale ayasikie Mutayoba kwanza. Akafa kabla ndege ya kijana haijatua.

Sasa Malimi akahamisha mafaili kutoka laptopu yake kwenda kompyuta ya dukani kwake, yenye mfumo tofauti. Alitumia programu huria ya bure. Watunzi wake walishatoa toleo lililorekebishwa, ila yeye akabania bando. Lile la zamani halikuvijua vialama; kila lilipokwama liliweka kistari, kwa hiyo samaki, ndizi na ng'ombe wote wakawa na jina moja. Likauliza kama lifute faili lililopo na kuweka jipya. Malimi, na haraka zake za ovyo, akabofya ndiyo kwa yote, kisha akafuta na kule kwenye laptopu apate nafasi. Jamani, mtu mzima!

Mutayoba alipofika dukani na mama yake, faili lilifunguka, akasikika mzee wa Kisukuma akiwagawia watoto wake ng'ombe. Malimi alitafuta kila mahali, hakupata kitu. Akaeleza yote bila kuficha. Mama Bernadetta akakaa chini, pale pale sakafuni.

Mutayoba hakufoka. "Wewe ulikuwepo," alisema. "Baba alisema nini?"

Malimi alikumbuka feni ilivyovuma, kikohozi, na sauti ya mzee ilivyokuwa ikikatika.

"Aliongea Kihaya, kaka. Mimi ni Msukuma."

"Alinitaja?"

"Alikutaja. Mara nyingi."

"Kwa hasira?"

Malimi aliiona tena midomo ya mzee ikitetemeka. Alitamani mno kudanganya.

"Sijui," akasema.