Mafiga Yangu Yako Hifadhini

Mume wangu alifariki Jumatatu ya kwanza ya Februari, mwaka juzi, katika hospitali moja ya Maplewood. Tulimzika Inver Grove Heights Jumamosi iliyofuata, ardhi ikiwa ngumu kama chuma kwa baridi. Tangu siku hiyo ninavaa kitambaa cheusi kichwani. Waumini wenzangu hapa Saint Paul, Marekani, wengi wao Wakenya wauguzi, wamenishauri mara nyingi nikivue. Huniambia kwa ile sauti ya upole wanayotumia kwa wagonjwa: "Mama, fikiria afya yako." Ninawajibu kwamba afya yangu ni njema, ahsante.

Sikivui kwa sababu matanga ya mume wangu hayajaisha. Kwao, mjane huyamaliza kwa mkono wake mwenyewe. Huenda kwenye meko aliyoonyeshwa na mama mkwe siku alipoolewa, akashika figa moja kati ya yale matatu, akalipindua ili upande wenye masizi uangalie chini. Hapo moto wa yule mwanamume umezimwa kwa heshima. Watu wakihama, mafiga hayahamishwi. Hubaki yalipo, yakimngoja mjane wake.

Mafiga yangu yako ndani ya hifadhi ya wanyama. Hayakuifuata hifadhi, hifadhi ndiyo iliyoyafuata. Nilipikia juu yake uji na maharagwe nikiwa bibi harusi, nikamzaa kifungua mimba wangu ndani ya nyumba iliyokuwa nyuma yake. Kisha tukaambiwa kwamba mpaka umesogea, nasi tukasogezwa pamoja nao.

Kwa hiyo kanisa letu lilipotangaza safari ya kwenda nyumbani kuona wanyama, mwezi wa Julai mwaka jana, mimi nilikuwa wa kwanza kuinua mkono. Mchungaji alifurahi. Alisema tutauona uumbaji wa Mungu: tembo, twiga, simba, na ndege wa kila rangi. Sikumweleza sababu yangu. Maombolezo yangu si tangazo la Jumapili.

Tuliingia hifadhini asubuhi ya Jumatano ya tatu ya mwezi huo. Nilikaa karibu na kiongozi wa kwaya yetu, muuguzi mwenye ulimi mwepesi, ambaye hakunyamaza tangu langoni.

"Tazama huyo nyumbu alivyokunja uso! Huyo ni supavaiza wangu wa zamu ya usiku, haki ya Mungu."

Gari zima lilicheka, na mimi nilicheka. Wanyama walikuwa wengi, walikuwa wazuri, na hasira yangu haikunipofusha. Pundamilia walijaa bondeni hata nyasi hazikuonekana. Lakini macho yangu yalikuwa yakitafuta kilima cha kwetu chenye vichwa viwili, na kilipotokea nilimgusa dereva begani.

"Simama, tafadhali."

"Umeona chui, mama?"

"Nimeona nyumbani. Nataka kushuka. Sitachelewa."

"Hapa hapana, mama. Kuna mahali pa kushukia, pako mbele. Kwenye nyasi hizi simba hulala mchana. Ukishuka, mimi sina kazi."

Kiongozi wa kwaya akaniinamia sikioni, ila kwa sauti ambayo wote waliisikia. "Dada, vumilia kidogo. Choo kiko huko mbele."

Kwenye kiwanja chetu cha zamani moto ulikuwa umepita, na ardhi ilikuwa wazi. Mafiga yote matatu yalikuwepo. Lile la kushoto lilikuwa limeinama vilevile, kama lilivyokuwa likinisumbua kila nilipoteleka chungu kikubwa. Ngiri jike, watoto wake wakimzunguka, alikuwa akijikuna ubavu juu yake. Nilikuwa karibu kiasi kwamba ningeweza kumtupia kokoto.

Dereva alizima injini, akageuka kuwahutubia wageni wake.

"Ndugu zangu, eneo hili halijawahi kukaliwa na binadamu. Liko vile Mungu alivyoliacha."

"Amina," wakaitikia.

"Mimi nilikaa hapa," nikasema.

"Labda ni upande mwingine, mama. Vilima hufanana."

Nikalia. Sikulia kwa huzuni. Nililia jinsi mtu anavyolia akifungiwa mlango wa nyumba yake na mgeni aliye ndani. Kiongozi wa kwaya akanikumbatia, akawaambia wenzake, "Mwacheni. Ni furaha hiyo, uumbaji umemgusa." Kwa mkono wake mwingine akampiga picha ngiri. Gari likaondoka. Siku tatu zilizofuata nilionyeshwa simba, nami niliwatazama kama mtu anavyowatazama mabawabu.

Jumapili ya pili ya Septemba, baada ya ibada, tulikusanyika katika ukumbi wa chini wa kanisa kwa chai, chapati na keki. Ukutani kulikuwa na picha kubwa iliyofunikwa kwa leso. Nikaombwa niifunue, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wa umri na ndiye niliyelia. Nilivuta leso. Ngiri, kilima, mafiga yangu. Chini yake kulikuwa na maneno ya Kiingereza.

Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka hamsini na mmoja, katika darasa la watu wazima kule mtaa wa Frogtown, na tangu hapo sipiti andiko bila kulisoma. Nililisoma hilo kwa sauti, kisha nikalisema kwa Kiswahili: "Nchi ambayo mkono wa mtu haujaigusa."

"Nani ameandika haya?"

"Ni mimi, dada," akasema kiongozi wa kwaya, akitabasamu. "Si ni yale ya dereva?"

"Hilo jiwe analojikunia ngiri lina masizi. Unafikiri ngiri hupika?"

Hakuna aliyecheka. Nikawaeleza yote, tangu mama mkwe hadi kitambaa. Mchungaji akaweka kikombe chini.

"Mama, mbona hukutuambia siku ile?"

"Niliwaambia. Mkanielekeza chooni."

Kiongozi wa kwaya alikuwa na machozi. "Basi, dada, tuipindue picha hii hapa hapa, sote tukiwa mashahidi. Uvue kitambaa, upumzike. Mungu huangalia moyo."

Wengine wakasema ni wazo jema. Hapo ndipo nilipokasirika kuliko nilivyokasirika ndani ya gari, kwa sababu dereva alikuwa mgeni kwangu, na hawa walibeba jeneza la mume wangu.

"Picha si jiwe," nikasema.

Nikachukua kisu kilichokuwa kando ya keki, nikakata ule ukanda wa maneno, nikautia mkobani. Picha nikaiacha ukutani kama ilivyo. Iko hapo hadi leo, bila neno lolote chini yake.

Jumanne iliyofuata kiongozi wa kwaya alikuja kwangu kabla ya zamu yake. Hakuketi.

"Julai ijayo nitakwenda nawe, sisi wawili tu. Tutaomba ruhusa huko kwenye ofisi ya hifadhi, na askari wa kutusindikiza. Wakikataa, tutalala langoni."

"Kitambaa sikivui kabla ya hapo."

"Sijakuomba ukivue, dada."

"Na kamera uiache hapa," nikamwambia, nikamfungulia mlango.